Mruka Aliyeozwa

Mlimani, kule juu ya Kiboriloni, watu walikuwa wakisema kwamba ukitaka kujua kama mpini umekomaa, mpe Eliona. Mpini ukirudi mzima, hata wajukuu wako wataurithi. Mkono wa Eliona ulikuwa mzito hivyo. Alishavunja mpini wa jembe akilima shamba la kanisa, akavunja mchi wa mama mkwe akijitia kumsaidia kutwanga ulezi wa pombe ya mbege, na siku ya arusi yake mwenyewe alivunja kigoda kwa kukikalia tu. Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. Mtu aliyezaliwa mwisho na kuachiwa kipande cha kihamba, shamba la ukoo, kisichotosha mbuzi kugeuka hujifunza mapema kucheka kabla hajachekwa.

Miaka hiyo Wajerumani walikuwa wameondolewa kwa sababu ya vita, na Wamarekani wakaja kuishikilia misheni kwa muda. Mmoja wao, Bwana Olsoni, mwalimu mrefu mwenye masikio mekundu, alikuja na sanduku la vitabu vya nyimbo. Chini ya vitabu mlikuwa na marungu mawili na mipira midogo migumu. Mchezo wenyewe aliuita besiboli. Mlimani ukaitwa mpira wa rungu, maana ndivyo ulivyo: mmoja anarusha, mwingine anapiga, na akiupeleka mpira mbali anakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Wazee waliuliza kwa nini mtu akimbie hivyo ili arudi pale pale. Hakuna aliyewapa jibu la maana.

Eliona, aliyekuwa akibeba mbao pale misheni, alipewa rungu la kwanza akalivunja siku hiyo hiyo. La pili lilidumu hadi mavuno ya kahawa. Bwana Olsoni hakukasirika. Alikaa juu ya gogo akamsimulia habari za wapigaji wa zamani wa kwao, majitu yaliyoshika marungu mazito kama michi, ya mti mgumu uliokaushwa taratibu. Rungu moja lilimtosha mtu miaka na miaka. Jioni walilisugua kwa mfupa wa ng'ombe ili nyuzi za mti zifunge, wakalipaka mafuta, na wengine wakalipa jina na kulala nalo. Wapigaji wa siku hizi, alisema, wanataka rungu jembamba linalopita upesi hewani, ndiyo maana wanavunja kama wewe.

Maneno hayo yalimwingia Eliona kuliko mahubiri yote aliyowahi kuyasikia. Kwa mara ya kwanza aliambiwa kwamba kuvunja si kosa la mkono wake, ni kosa la mti.

Kulikuwa pia na sababu iliyomkera zaidi. Vijana wa mjini Moshi, wale wa stesheni, nao walikuwa wameuiga mchezo. Mrushaji wao aliitwa Zaidi, mchochea moto wa gari moshi, mwenye mkono uliokomazwa na sepetu la makaa na mdomo uliokomazwa na kitu kingine. Kila timu ya mlimani ilipoteremka, Zaidi alimsubiri Eliona. Eliona alichonga rungu la mpera, likapasuka. Akachonga la mkaratusi, likapinda kama mkia wa kinyonga. Zaidi aliokota vipande, akavipanga vizuri miguuni pake, akamuuliza kwa upole kama leo amekuja na rungu au na mgomba.

Basi Eliona akaanza kuitazama miti ya watu.

Mti alioutaka ulisimama katika kihamba cha baba mkwe wake, Mzee Ndewirwa. Ulikuwa mruka, umenyooka kutoka chini hadi tawi la kwanza kama uzi wa fundi uliofungwa jiwe, bila jicho, bila kovu. Mzee Ndewirwa hakuwa amebatizwa. Alimwachia binti yake Martha abatizwe na kuolewa kanisani, akakaa mstari wa nyuma siku hiyo na kofia mkononi, kisha akarudi kwa nyuki wake. Alikuwa mtu wa nyuki tangu ujana. Lakini sasa miguu haikupanda tena, na mizinga yake ilikuwa imeoza na kuanguka mmoja mmoja, hata nyumbani kwake mlikuwa hamna asali ya kulainisha kifua chake kilichokohoa kila masika.

Eliona alikwenda na kibuyu cha mbege, kama ipasavyo. Njia nzima alijisemea kwamba atasema ukweli, kwamba anataka mti wa kuchezea. Alipofika, mzee akamuuliza anautakia nini. Eliona akaangalia uso ule uliokonda, akaona haya kusema kwamba anataka kuangusha mti wa umri wa babu ili apige mpira. Neno mzinga likamtoka lenyewe.

Mzee akatabasamu kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto aliyepotea.

Sasa, kwa wazee wa aina ya Ndewirwa, mti wa mzinga haukatwi hivi hivi. Mti uliosimama kihambani ni mtoto wa nyumba ile, na anayeuomba ni mchumba. Kwa hiyo keshoye mzee alimwaga maziwa shinani, akamwaga mbege, akaushika mruka kwa kiganja.

“Mwanangu uliyesimama nami,” alisema, “leo nakuoza. Usiseme nimekuuza, wala usiseme nimekufukuza. Unakwenda kukaa na watu wengi, wenye kelele, lakini ni wachapa kazi, na njaa hutaiona.” Akamgeukia Eliona. “Hii inakuwa mara ya pili nakuoza. Asali ya kwanza ni yangu. Nikiionja, basi nitajua mwanangu ametulia huko alikokwenda.”

Eliona alikubali. Siku ya kukata, mzee hakuwepo, maana baba hasimami akiangalia binti yake akichukuliwa. Mti ulipokwisha kulala ndipo alipotokea, kama desturi ilivyotaka, akasimama mbele ya kisiki akaomboleza. Alisema wamemwibia mwanaye, kwamba asubuhi alimwacha amesimama hapa. Wakataji walipaswa kumbembeleza na kumwambia kwamba amechukuliwa kwa heshima na atazaa asali. Wakambembeleza. Eliona alisema maneno yote huku ameuma mdomo asicheke, na jioni ile ile, kule misheni, aliwaigizia vijana wenzake jinsi mzee alivyofuta machozi kwa ncha ya shuka. Wakacheka mpaka Bwana Olsoni akatoka kuuliza kuna nini.

Pale pale, bila yeye kujua, ndipo jambo lilipoharibika. Yaliyobaki yalikuwa ni kazi ya shoka.

Kwa maana mzinga unataka gogo zima, lichimbwe ndani, na rungu linataka gogo lililopasuliwa kwa urefu, ili nyuzi zifuatane tangu mshikio hadi kichwa. Sehemu iliyonyooka ilikuwa moja tu. Eliona alijiambia kwamba ya juu itafaa mzinga. Alipoipasua ya chini na kupata alichokitaka, akaigeukia ya juu, akaikuta imejipinda na imeliwa na mchwa moyoni. Akaifanya kuni. Jioni hiyo Martha alikoka moto kwa kuni zile bila kuuliza neno, na Eliona akauchukulia ukimya wake kuwa kibali.

Kipande cha rungu alikiweka darini juu ya moshi wa jiko kikauke. Kila Jumapili baada ya ibada, walipopita kumwamkia mzee, swali lilikuwa moja.

“Binti yangu hajambo huko?”

“Hajambo, baba. Anakauka kwanza.”

Hilo halikuwa uongo. Eliona alijivunia kidogo kwamba halikuwa uongo.

Lilipokauka alilichonga akalisugua kwa mfupa wa ng'ombe, kama majitu ya kule kwa kina Olsoni. Akalipaka samli asubuhi na jioni. Martha alimtazama siku ya kwanza, akamtazama siku ya pili, halafu akamwambia kwamba yeye ameolewa mwaka wa tatu sasa na hajawahi kupakwa samli hata kisigino. Eliona akacheka. Lakini Martha alipomaliza kusonga ugali alisema tena, sasa bila mzaha, “Baba anangoja asali, Eliona. Mwambie tu.”

Akasema atamwambia. Alikuwa na nia kabisa.

Rungu lile halikuvunjika. Mpira ulipoligusa lilitoa mlio wa wazi, kama kengele ya ng'ombe, na mikono haikuhisi kitu. Mchezo wa kwanza Eliona alipeleka mpira ng'ambo ya reli, na Zaidi alisimama akiutazama unavyokwenda hadi mtu akamgusa bega. Vijana wa mlimani wakataka rungu lipewe jina, na Eliona, ambaye hakuwahi kuacha kichekesho kipite bila kukishika mkia, akasema lina jina tayari, kwa kuwa lilitoka kwa baba yake likiwa limeozwa. Anaitwa Binti Ndewirwa.

Jina likashika. Kuanzia hapo Eliona akienda kupiga, mlima mzima uliimba ukimtaka Binti Ndewirwa awacharaze watu wa mjini. Masika yakapita, vuli ikapita. Mzee aliacha kuuliza kama binti hajambo, akawa anauliza kama nyuki wameingia. Eliona akajibu kwamba bado. Mzee akamfundisha namna ya kuwavuta, apake nta ya zamani mlangoni, aelekeze mzinga penye jua la asubuhi. Akampa na donge la nta alilokuwa amelificha tangu mzinga wake wa mwisho ulipoanguka. Eliona alilipokea kwa mikono miwili. Lilimfaa kwa kupaka mshikio wa rungu, kiganja kisiteleze.

Kisha ikaja habari kwamba Wajerumani wanaruhusiwa kurudi misheni, na Bwana Olsoni anaondoka. Wakapanga mchezo wa kumuaga, na ili mlima na mji wakutane katikati, ukapangwa Kiboriloni, uwanja wa wazi kando ya soko, siku ya soko.

Mzee Ndewirwa alikuwa hateremki tena mara nyingi, lakini siku hiyo tumbaku yake ilikuwa imekwisha. Alikuja na fimbo yake, pole pole, na Martha akimbebea mkungu wa ndizi. Alipokuwa akichagua tumbaku alisikia watu wengi wakiliimba jina lake. Martha alijaribu kumwonyesha vitambaa upande mwingine. Mzee alikuwa ameshageuka.

Eliona wakati huo hakuona kitu isipokuwa Zaidi, aliyekuwa akiuzungusha mpira vidoleni na kutabasamu.

“Leo binti wa watu namrudisha kwao,” Zaidi alisema.

“Rusha kwanza,” akasema Eliona.

Zaidi akarusha kwa nguvu zote za stesheni. Eliona akapiga, na wote waliokuwepo wanasema hapajawahi kupigwa vile. Mpira ulipita juu ya wauza mbege, ukapita juu ya ng'ombe waliofungwa, ukapotea kwenye migomba ya watu. Eliona akaliacha rungu chini akakimbia, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akichekacheka na mikono juu, na alipokuwa anarudi alipoanzia akamkuta baba mkwe wake amesimama pale pale, rungu likiwa miguuni pake.

Nyimbo zilikatika zenyewe, kutoka mbele kwenda nyuma.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Mzee hakumtazama. “Huyu ndiye?”

Eliona angeweza kusema lolote. Alikuwa maarufu kwa kuwa na la kusema. “Ndiye, baba.”

“Huku anapiga, au anapigwa?”

Swali lile Eliona alilibeba maisha yake yote. Mzee aliinama kwa shida, akaliokota rungu, akalifuta vumbi kwa ncha ya shuka, ile ile iliyochekewa kule misheni. Akanusa penye mshikio, akaijua nta yake. Hakuomboleza. Siku ile alipoomboleza kwa desturi watu walikuwepo wa kumbembeleza, na hii ya leo haikuwa na desturi yake. Akaliweka kwapani akaanza kupanda mlima, na Martha akamfuata akiwa bado na ndizi kichwani.

Zaidi alikuwa amesogea karibu na mzaha wake tayari mdomoni. Akavua kofia yake, akaikunja, akauacha mzaha hapo. Rungu jingine halikuwepo, hivyo mchezo ukaishia hapo. Bwana Olsoni aliuliza rungu limekwenda wapi, na Eliona akamwambia kwamba mwenyewe amemchukua.

Mke akipigwa akarudi kwao, mume humfuata na pombe. Hilo halikuhitaji kufundishwa. Eliona alikwenda na mtungi wa mbege na jani la isale, jani ambalo mtu wa mlimani akiletewa hawezi kukataa msamaha. Akalikuta rungu limesimamishwa karibu na jiko, mahali pa joto, kama mtoto aliyerudi na baridi. Mzee alilipokea isale, akanywa mbege, akampa na Eliona anywe.

“Wewe nimekusamehe,” alisema, akalitazama rungu. “Yeye sijui. Lakini mimi uliniahidi asali. Tengeneza mzinga, uniletee ya kwanza, ndipo umchukue mkeo huyu.” Akakohoa kwa muda mrefu. “Usikawie sana, mwanangu.”

Eliona hakukawia, safari hii. Alipata gogo la mringaringa, akalichimba, akalifunika, akalipandisha mtini kuelekea jua la asubuhi kama alivyofundishwa. Nyuki walikaa miezi bila kuja, akawa anapanda kila alasiri kutia sikio. Walipoingia alishuka akakimbia hadi kwa mzee kumwambia, na mzee akamshika mkono akauacha ndani ya wake kwa muda.

Hadithi ingeishia vizuri hapa kama Eliona asingekuwa Eliona. Baada ya muda Martha alimwambia apande akate hata sega moja, dogo, ampelekee mzee, maana kifua kimezidi. Eliona alikataa. Alikuwa amemwangusha mzee mbele ya soko zima, asingeweza kumrudia na kijiko cha asali. Alitaka mzinga ujae. Alitaka kibuyu kizima, kile kikubwa, na watu waone kikipita njiani. Martha akamwambia kwamba baba hakuomba kibuyu, aliomba kuonja. Eliona akasema angoje kidogo tu, kahawa ikishatoa maua nyuki watajaza upesi.

Kahawa ilitoa maua. Mteremko mzima ulikuwa mweupe na nyuki walinguruma kama kinu. Asubuhi moja shemeji yake Ebenezeri alikuja, akasimama nje ya ua bila kuingia, na Eliona aliyekuwa ameshashika kienge cha moshi na kisu akajua kabla hajaambiwa.

Alipanda hivyo hivyo. Alikata asali yote, kibuyu kile kikubwa kikajaa, akakipeleka msibani, na watu kweli walikiona kikipita njiani. Mama mkwe alikipokea kwa adabu. Akachota kidogo kwa kidole, akaenda nayo hadi kwenye kisiki cha mruka, ambacho kilikuwa kimechipuka machipukizi membamba pande zote, akaipaka pale. Kisha akaingia ndani, akatoka na rungu, akamkabidhi.

“Alisema ukileta, upewe mkeo,” alisema. “Umeleta.”

Miaka ikapita kama inavyopita. Kahawa ilijenga nyumba za bati, vita vingine vikaja vikaisha, na mpira wa rungu ukasahaulika kabisa, ukaja wa miguu. Eliona aliota mvi akawa mzee wa kanisa. Hakushika tena kitu akakivunja. Alishika vitu vyote taratibu, hata vikombe. Rungu lilisimama karibu na jiko la Martha, penye joto, jeusi kwa moshi na samli. Wajukuu walijua kwamba lile haliguswi.

Siku moja Zaidi alipanda mlimani. Alikuwa amestaafu reli, sasa ananunua maziwa kwa ajili ya mkahawa wa mkwewe mjini, na magoti yake yalimkumbusha kila jiwe la njiani. Wakaamkiana kwa matusi madogo ya zamani. Alipokuwa akinywa chai akaliona.

“Mpaka leo halijavunjika?”

“Mpaka leo.”

“Dah. Lilikuwa rungu, lile.”

“Heri lingevunjika siku ya kwanza,” Eliona akasema. “Kama yale mengine. Wewe ungecheka ukaokota vipande, nami ningekwenda kutafuta mti mwingine.”

Zaidi aliweka kikombe chini. Akauliza kama anaweza kulishika, mara moja tu, kwa mkono ule aliokuwa akirushia mpira. Eliona alifikiri.

“Msalimie kwanza.”

Mtu mwingine angecheka, na Zaidi alikuwa wa kwanza kucheka katika mji mzima. Akavua kofia.

“Hujambo, binti?” alisema.

Martha, aliyekuwa akichochea moto, akaacha. Na wazee wale wawili wakakaa wameinamisha vichwa upande wa jiko, kama watu wanaosubiri kuitikiwa.